Kimeta cha Bi Sabira

Joab alikuwa karani wa vifurushi katika kampuni moja ya mabasi pale Mwembe Tayari, na kwa uoga wake wenzake walimbandika jina la Bwana Usalama. Hakuwa akishika kifurushi mpaka akikague pande zote. Mafunzo ya usalama ndiyo yaliyommaliza kabisa: waliambiwa kwamba watu wabaya huweza kutuma vijidudu vya maradhi ndani ya unga, kimeta kikiwamo. Kimeta Joab alikijua. Ndicho kilichofagia ng'ombe wa baba yake kule Siaya. Mcheke ukitaka, lakini kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Adhuhuri moja kifurushi kilimpasukia mikononi, unga mweupe ukamrukia mpaka kidevuni. Juu yake pameandikwa: Kimeta, Bi Sabira, Kibokoni. Jamani, nani huandika jina la sumu yake juu ya kifurushi? Hilo halikumjia. Aliwatoa wenzake nje, akajifungia peke yake, akapaza sauti polisi waitwe.

Kabla ya polisi alifika Ketty, mkewe, na chakula chake cha mchana.

"Joab, fungua."

"Sifungui. Rudi kwa watoto."

Ketty hakurudi. Aliketi sakafuni, akauegemea mlango. Joab naye akaketi upande wa ndani. Miaka yote ya ndoa maneno yake yalikuwa "chakula kipo?" na "chumvi imezidi." Sasa aliona hana siku nyingi za kuishi.

"Ketty, nakupenda. Tangu siku ile kwenye kwaya, uliponicheka sauti yangu mbovu."

Akamsikia analia.

Ndipo ikaja sauti ya mwanamke anayehema. "Salaam aleikum, wanangu. Mimi Sabira, fundi wa nguo za maharusi. Kimeta changu kimewasili? Nataka kukinyunyiza kwenye shela, bi harusi ang'ae."

Joab aliinua mikono dirishani. Ilikuwa ikimetameta.

Polisi walikuja, wakahakikisha, wakamwambia alifanya vyema, kisha wakacheka na wenzake mpaka wakashika mbavu. Ketty peke yake hakucheka. Alisimama mbele ya mumewe aliyeng'aa kuanzia kidevu hadi kiunoni.

"Haya, rudia uliyoyasema. Sasa mlango u wazi."

Watu wote wakamtazama. Bwana Usalama, mtu wa kukagua pande zote, safari hii hakukagua chochote. Aliyarudia.