Farasi Wafupi Baada ya Eda

Mama alipomaliza eda, miezi minne na siku kumi bila kupungua hata moja, tulianza kugombania pa kumpeleka kwanza. Kaka yangu, anayefanya kazi wizarani na kujiona ndiye wizara yenyewe, alitaka tumzungushe kwa jamaa nyumba baada ya nyumba, tunywe kahawa na kuinamisha vichwa. Mimi nikasema Mama keshachoka na vichwa vilivyoinama. Watoto wangu walikuwa wananisumbua niwapeleke kwenye shamba moja upande wa Barka, nje ya mji, wanakofuga farasi wadogo. Basi Jumamosi Mama atakwenda na sisi.

Nilichokuwa nakitafuta hasa ni ulimi wake. Mama alikuwa mtu wa maneno. Ukimpelekea mchuzi, anaonja kisha anakuuliza chumvi siku hizi haiuzwi huko mtaani kwenu Amerat? Ukivaa nguo mpya, anakuuliza dirisha la pili umeliachia pazia gani. Tangu Baba afariki akawa mpole. "Ahsante, mwanangu." "Vizuri, mwanangu." Siku moja nilimpikia biriani nikaiunguza makusudi. Akala, akasema imetoka vizuri. Niliingia chooni nikalia. Usiombe ukamwona mama yako kashikwa na adabu.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nje ya geti, Mama na watoto wameshapanda gari, kaka akapiga simu.

"Unampeleka kuona nini?"

"Farasi wadogo."

"Wadogo vipi? Watoto wa farasi?"

"Wazima. Ila wananifika kiunoni."

Akashusha sauti. "Wafupi, yaani."

Lo! Hilo sikuwa nimelifikiria.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi. Simtukani, nataja kimo. Mama ni mrefu, na kwenye picha yao ya harusi Baba kasimama juu ya ngazi ya mlango, Mama kasimama chini, na hapo ndiyo kwanza mabega yamelingana. Kofia zake zilitiwa wanga mpaka zikasimama zenyewe. Viatu alivipeleka kwa fundi wa mtaa wa Hamriya aongeze soli. Neno "mfupi" halikutamkwa nyumbani kwetu. Suruali iliyopungua tuliambiwa "haijafika". Februari ulikuwa mwezi wa siku ishirini na nane, basi.

"Utamtonesha kidonda," kaka akasema. "Vunja safari."

Nivunje vipi, na bibi wa watu yumo ndani ya gari kajifukiza udi kwa mara ya kwanza tangu msiba? Nikawasha gari. Njia nzima roho iko mkononi, watoto wanaimba, Mama anatazama dirishani na kuniambia naendesha vizuri. Siendeshi vizuri. Dunia nzima inajua.

Mwenye shamba alikuwa mwanamke wa Kiomani, abaya juu, mabuti ya mpira chini. Alitukaribisha kwa tende na kahawa, akawapa watoto brashi wakawachane farasi manyoya. Mama akawekewa kiti kivulini. Farasi walipita mbele yake wanyenyekevu, matumbo yananing'inia.

"Mashaallah," akasema. "Wazuri."

Wazuri! Nikakata tamaa.

Ndipo akatoka bandani dume mmoja wa rangi ya kahawia, nywele zimemshukia machoni. Mdogo kuliko wote, lakini anavyotembea ungedhani shamba kalinunua yeye. Akamfukuza mwenzake aliyemzidi urefu. Akakagua ndoo. Akafika kwenye hodhi la maji lenye ngazi ya saruji ubavuni, akapandisha miguu ya mbele, akatulia hapo juu, kifua mbele, akatutazama.

Mimi nikatazama chini. Nilikuwa naomba ardhi inimeze mimi na dume lile pamoja.

"Mtazame," Mama akasema taratibu. "Keshapata ngazi."

Nikajitia sikusikia.

"We mtoto, nnasema na wewe. Si baba yenu huyu? Baba yenu mtupu! Kakosa kofia tu."

"Mama!"

"Mama nini? Ile siku ya harusi ngazi ilikuwepo. Picha nyingine zote je? Miaka arubaini na saba nnapinda magoti ndani ya baibui kila kamera ikitoka. Daktari ananambia magoti yameharibika kwa uzee. Uzee wapi! Yameharibika kwa picha!"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka kikombe kikamponyoka na kahawa ikamwagika kwenye mchanga. Yule dume akashuka, akaja moja kwa moja, akanusa mkono wake wenye udi, akaanza kumvuta kwa ncha ya baibui. Mama akamshika shingo ili amwondoe, lakini hakumwondoa. Kicheko kikageuka. Tangu tumzike Baba sikuwahi kumwona analia mbele ya watu.

"Nilidhani baba yenu hajui," akaniambia. "Siku ile hospitali, mlipotoka kwenda kusali, kanishika mkono, kanambia, 'Haya bibi, sasa simama. Nyoosha magoti.' Kumbe alikuwa anajua siku zote. Na maneno yote haya niliyonayo, sikupata hata moja la kumjibu."

Nikamfuta mchanga kwenye baibui.

Mwenye shamba alikuja kutupiga picha ya kumbukumbu. Dume karudi juu ya ngazi yake, hakuna aliyemwomba. Mama akasimama upande mmoja, mimi na watoto upande wa pili. Kamera ilipoinuliwa nikamwona Mama anashuka kidogo, magoti yanapinda yenyewe. Kisha akasita. Akajishika kiuno, akanyooka, akaendelea kunyooka, na mimi mwanawe wa kumzaa sikuwa najua kama ana urefu ule wote.

Akatutazama kwa juu, dume, watoto, mwisho mimi.

"Na wewe," akasema, "hebu rudisha hilo tumbo ndani. Watu watadhani tumekuja na farasi wetu."

Nikalirudisha. Kwenye picha ile nalia, lakini tumbo limo ndani.