Daktari Ogola, mpunga wa Ahero na telegramu ya baba yangu

Moyo bado unakataa. Asubuhi hii binti yake ameniandikia: "Auntie, Baba ametutoka alfajiri. Mazishi Jumamosi, Bondo. Njoo." Nilielewa yote kabla sijaketi.

Wengi wenu hamkumjua Ogola. Alikuwa mtafiti wa mpunga, na mimi nilikuwa typist wake Kisumu, miaka ya sabini ikianza. Nimetoa shajara zangu za wakati huo sandukuni. Ziko zote.

Hakuwa daktari wa digrii. Kina mama wa mashamba ya Ahero ndio waliomwita hivyo, jina likamganda. Mimi aliniita nyar Nyeri, binti wa Nyeri, hata mbele ya wageni wa ofisi.

Alikuwa akisimama mlangoni na gumboots zenye tope, aniulize habari za mama, za mbuzi, za mvua ya kwetu. Baada ya hapo ndipo aseme alichofuata: karatasi ya kaboni.

Alikuwa amegundua jambo. Mafuriko yalipofunika mashamba, miche iliyohamishwa ingali midogo ilioza. Ile iliyoachwa ikakua kwanza kitaluni ilibaki imesimama. Aliandika makala, nikaipiga taipu, tukaituma kwa journal moja ng'ambo.

Ikarudi. "Mwandishi atafute Mwingereza amsaidie." Tukakaa na kamusi, tukanyoosha sentensi, tukaituma tena.

Shajara, Jumatano: "Imerudi. D. hakula mchana." Safari hii msomaji wao aliandika kwamba amefika ukurasa wa tisa na bado hajui mwandishi amegundua nini.

"Nyar Nyeri, hawa watu hawajui salamu?"

"Kwani wewe uliwasalimia?"

"Kurasa nane nzima!"

Kweli. Alianza na historia ya ziwa, akashukuru wazee, akaomba radhi kwa udogo wa shamba lake la majaribio. "Ukiingia kwa watu ukataja shida yako mlangoni," aliniambia, "si watadhani unafukuzwa na polisi?"

Mkubwa wetu, aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni, akamwambia: "Weka jina langu mbele. Nitaiandika upya, itapita." Akampa hadi mwisho wa mwezi.

"Nitakubali," Ogola aliniambia. "Heri ijulikane kwa jina lake kuliko ife na langu."



Wiki hiyo hiyo nililetewa telegramu ofisini. BABA AMEFARIKI. MAZISHI ALHAMISI. NJOO. Ogola aliisoma, akachukua koti langu msumarini, akanipeleka stesheni mwenyewe. Alisimama chini ya dirisha langu mpaka gari la moshi likaondoka.

Niliporudi, niliweka ile telegramu juu ya meza yake.

"Daktari, hawa watu wa journal hawangoji mgeni. Wanangoja hii. Nani, nini, wapi. Kulia kunakuja baadaye."

Aliifuata kwa kidole, neno kwa neno. "Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Yawa! Kumbe Kiingereza chao ni cha msiba."

Tukaanza upya. Sentensi ya kwanza: miche mikubwa ya mpunga hustahimili mafuriko kuliko midogo. Nilipoipiga alifunika uso, kama mtu aliyetoka nje bila shati.

Mkubwa alipokuja kuulizia jibu, Ogola alimsalimia, akamuuliza habari za watoto, akamuuliza habari za mbwa, kisha akasema hapana. Mimi nilijifanya natafuta faili.

Miezi ikapita. Makala ikakubaliwa, jina lake peke yake juu! Ilirudi kwanza imejaa wino mwekundu wa kusahihisha Kiingereza, naye akakubali kila alama. Kitu kimoja tu kilimuuma. Mwishoni alikuwa amewashukuru kina mama kumi na mmoja waliomwonyesha vitalu vyao, kila mmoja kwa jina. Walifuta majina yote, wakaweka "wakulima wa huko". Aliwaandikia kuomba yarudishwe. Hayakurudi.

Nakala zilipofika, tulizipeleka Ahero. Mama Akinyi, ambaye kitalu chake ndicho kilichoanzisha yote, aliishika moja, akaigeuza huku na huku.

"Daktari, mimi niko wapi humu?"

Ogola aliketi kwenye ukingo wa mfereji, akatoa kalamu, akaandika jina lake chini ya ukurasa wa kwanza. Kisha la jirani yake. Kisha yote kumi na moja, katika kila nakala. Shajara, Ijumaa: "D. ana wino hadi kwenye kola. Anacheka."

Daktari, binti yako umemfundisha vizuri. Ujumbe wake ulikuwa na kila kitu mahali pake. Mimi nimeshindwa. Nilikuja kusema jambo moja, nami nimepitia kwenye tope, kaboni na mbwa wa mkubwa, kwa sababu kwako mtu haingii na shida mkononi.

Jambo lenyewe ni hili, liko mwisho kama ulivyopenda: nakuja Bondo Jumamosi, na nakala yangu ya ile makala mkobani. Chini ya majina kumi na moja uliongeza la kumi na mbili, kwa mwandiko wako ule wa kulala. Nyar Nyeri.

Oriti, kwaheri, Daktari. Pumzika. Leo hakuna anayekuharakisha ufike kwenye jambo.