Uvimbe Niliouficha Msimu Mzima

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa sasa nina wajukuu wanaoendesha pikipiki. Nilikuwa naoga nyuma ya nyumba yetu pale Bukene, ndani ya ua wa mabua, na maji ya ndoo yalikuwa baridi kwa kuwa ilikuwa masika, wakati wa kupandikiza mpunga. Nikapitisha sabuni chini ya ziwa la kushoto, vidole vikakwama kwenye kitu. Kidonge kigumu, mfano wa punje ya karanga. Nikakibonyeza. Hakikuuma. Nikajiambia ni maziwa yameganda, maana mtoto wangu wa pili nilikuwa nimemwachisha si muda mrefu. Nikajimwagia maji, nikavaa, nikaenda shambani.

Lakini moyo wangu ulibaki kule uani.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mume wangu Elia alikuwa mkulima, mtu mpole, na mimi niliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu la Moravian. Sikuwa mjinga. Kusoma nilijua, na zahanati niliijua ilipo. Ila miaka michache nyuma nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha marehemu mmoja wa kijijini kwetu, aliyekufa kwa kidonda cha ziwa. Nilichokiona siku ile sitakusimulia. Tangu nilipogusa kile kidonge, kila nilipofumba macho nilimwona yule mama, na kila nilipofumbua nilijiona mimi.

Basi nikanyamaza. Nilijifunga kanga kifuani nikaikaza hadi pumzi ikawa ya kukopa. Kwaya niliacha, nikasingizia kikohozi. Elia akinisogelea nilimgeuzia mgongo, naye mtu wa watu akawa hanisemeshi ila kuniuliza chumvi iko wapi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakitembeza nguoni kwelikweli, shambani, kisimani na kanisani, nikitabasamu.

Mpunga ukaota, ukachanua, ukakomaa. Msimu mzima, mwanangu.

Wakati wa mavuno akaja shangazi Nyamizi. Jina hili nikilitaja kifua hunijaa hata leo. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mjane, akiishi Ng'ambo kule mjini Tabora, na kazi yake ilikuwa asali. Warina asali walimletea masega kwa baiskeli kutoka misituni, yeye akayakamua, akachuja, akauza kwa chupa. Kila mwaka alipanda treni kuja kula mchele mpya kwetu. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yake.

Nilimpokea mlangoni, nikapiga goti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kafa humu?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi."

"Mbona umejifunga kama mfiwa, na mumeo ana uso wa mtu aliyetoka kuzika?"

Akaweka mzigo wake chini, akanishika mkono, akaniingiza chumbani na kufunga mlango. Hakuniuliza tena. Alikaa kitandani akanitazama tu, na yale macho yake yalikuwa mazito kuliko kiboko. Nikafungua kanga.

Akagusa kwa vidole viwili, taratibu. Akafumba macho, nikadhani anaomba.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopandikiza."

"Na sasa tunavuna. Ulikuwa unasubiri nini, na lenyewe lichanue?"

Nikalia kilio cha msimu mzima. Nikasema, "Shangazi, naogopa."

"Ogopa. Nani kakukataza? Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kichwani kutoka hapa Unyamwezi hadi pwani, miezi na miezi. Unafikiri hakuogopa? Simba, njaa, maji ya mito. Lakini hakukaa nyumbani akingoja woga uishe ndipo aanze safari. Woga aliubeba pamoja na mzigo. Na wewe ogopa, mama, ila ogopea njiani. Kesho kutwa kuna treni."

Kisha akanituma nikamwambie mume wangu, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Nilimkuta Elia anapiga mpunga. Nilipomaliza kusema, aliangusha fimbo, akakaa juu ya majani. "Nilidhani umenichoka," akasema. Hilo tu. Akajifuta uso kwa shati. Nilitaka ardhi inimeze, mwanangu, kwa jinsi nilivyomnyima mtu yule mzigo uliokuwa wake pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, husemwa, lakini kabla kifo hakijafika kuna mengine mengi humuumbua.

Tukaenda Tabora, mimi na shangazi. Elia alibaki na watoto na mavuno. Hospitalini daktari alinipima, akanikata kinyama kidogo pale penye donge, akasema kitapelekwa mbali kuchunguzwa, na majibu yatachukua wiki tatu, huenda zaidi. Nikauliza, "Lakini wewe, daktari, unaonaje?" Akanijibu kwa upole, "Mama, mimi naona donge. Lilivyo ndani tutaambiwa na vipimo."

Zile wiki ndizo nilizotaka kukusimulia hasa, wewe ambaye mkono wako hauachi kurudi pale pale. Kutafuta ni kugumu, kujua ni kugumu, lakini hakuna kinachomla mtu kama kungoja. Nilikaa kwa shangazi kule Ng'ambo, nikawa napapasa lile donge mara mia kwa siku, kuona limekua au limepungua, hadi ngozi ikawa nyekundu. Shangazi aliniona. "Liache," akasema. "Vidole vyako havina darubini." Sikula. Nilishtuka kila nilipopigiwa hodi, kana kwamba majibu yangekuja kwa miguu.

Siku ya nne akaniita uani, akanikabidhi upande mmoja wa kitambaa cha kuchujia. "Kuanzia leo woga wako una saa yake," akasema. "Saa tisa alasiri. Saa hiyo tutakaa pale kibarazani, utaogopa utakavyo, utalia, utaniambia hata yale unayoona aibu kumwambia Mungu. Nami nitasikiliza. Ukikujia saa nne asubuhi, uambie usubiri, sasa tunakamua asali."

Nilicheka, ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu masika. Lakini tukafanya hivyo. Asubuhi tulishika kitambaa, yeye upande huu, mimi upande ule, tukakipindua na kukikamua, na asali ikashuka polepole ndani ya sufuria, maana asali hata ukiigombeza haiendi mbio. Woga ulipokuja nikauambia, saa tisa. Mara nyingine ulitii, mara nyingine ulikataa, nikakamua huku machozi yananidondoka na shangazi akinionya nisiyatie kwenye bidhaa. Ikifika saa tisa tunakaa. Na jambo ninalomkumbukia kuliko yote ni hili, kwamba hakuniambia hata mara moja, "Usijali, huna kitu." Alijua hajui. Nilimwambia naogopa wanangu kuitwa yatima, akasema, "Ndiyo, hilo linatisha." Nilimwambia naogopa Elia kuoa mwingine, akasema, "Ataoa, wanaume hawajui kupika," nikacheka na kulia kwa pamoja.

Alikuja jirani mmoja, mkono shavuni, akaanza, "Hata binamu yangu ilimwanza hivi hivi, masikini, hakumaliza mwaka..." Shangazi akamkatiza, akamjazia asali kikombe, akamshika bega hadi njiani. "Wabeja, mama, ahsante kwa kuja," nikamsikia. "Ukirudi, uje na habari za waliopona."

Nilimwona pia akikamua kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto akiubana ubavuni. Niliona, mwanangu. Macho yangu yaliona kila siku. Nikasema moyoni, uzee huo, nikarudi kwenye habari zangu mwenyewe.

Majibu yakaja baada ya wiki nne. Daktari alisoma karatasi, akainua uso. "Mama, si saratani. Ni uvimbe usio na madhara. Tutautoa, utarudi kwenu."

Nilipiga kigelegele humo humo chumbani. Nilimkumbatia shangazi, nikamkumbatia muuguzi, nikawa natafuta mlango nitoke nimshukuru Mungu kwa sauti. Na nikiwa tayari nimeshika kitasa, nikamsikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Daktari, kabla hatujaondoka. Nitazame na mimi."

Nikageuka. Shangazi Nyamizi, aliyekuwa akinifokea kwa kuficha msimu mmoja, alikuwa amekaa kitini anafungua vifungo vya gauni. La kwake lilikuwa kubwa kuliko langu. Alilijua miaka miwili. Mganga hajigangi, mwanangu. Kila alasiri nilimmwagia woga wangu wote, naye alikuwa ameketi juu ya wa kwake, ameufunika kama kuku afunikavyo yai, na mimi sikumuuliza hata siku moja, "Na wewe, shangazi, unaogopa nini?"

Tulipotoka nikamlilia, "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa sijapata njia ya kuogopea," akasema. "Nimeipata kwa kukusindikiza wewe."

La kwake lilikuwa saratani. Walimkata ziwa, wakampeleka Dar es Salaam kwa matibabu zaidi, akarudi. Aliishi miaka mitano. Kila baada ya mavuno nilikwenda Ng'ambo nikashika upande wa pili wa kitambaa, na ikifika saa tisa tulikaa kibarazani, zamu hii mimi nikisikiliza. Aliniambia mengi. Daktari alisema angewahi, huenda tungekula naye mchele mpya miaka mingine mingi. Huenda. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Sasa mimi nimempita umri. Bado kila nikiona chupa ya asali sokoni, naigeuza nione kama imechujwa kama alivyochuja yeye, na haijawahi kuwa. Ningetoa mavuno yangu yote nisikie tena mlangoni sauti ile inayouliza nani kafa humu.

Basi sikia, mwanangu. Ukikuta donge, usilifiche msimu mzima, wala mwezi. Mwambie mtu mmoja leo, yule asiyekimbia machozi yako, kisha kesho mshike mkono mwende kwa daktari. Madonge mengi si saratani, lakini vidole vyako havijui, na woga wako haujui, na simu unayoiuliza kutwa nzima haijakugusa ikajua. Kama ni saratani, aliyewahi ana nafasi ambayo aliyechelewa anaililia. Usimfiche mwenzako wa nyumbani, atajaza ukimya wako kwa mawazo mabaya kuliko ukweli. Wakati wa kungoja, kula hata kama chakula hakina ladha, ipe mikono kazi, na woga upangie saa. Usiupe siku nzima, na usijifanye haupo. Na wewe uliyepona, au uliyeambiwa huna kitu, usishike kitasa upesi. Geuka kwanza umtazame aliyekusindikiza. Muulize na yeye anabeba nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie mlangoni mwa daktari, akae nawe kwenye benchi la kungojea, aupe mwili wako afya na moyo wako nafasi ya kupumua. Akupe majibu mema. Na yakiwa magumu, yakukute hujakaa peke yako. Amina.