Omba Mara Tatu, Kisha Piga

Mwanamke niliyemvunja taya alikuwa ameshakubali nilichomwomba.

Usinihukumu bado. Nisikilize kwanza, halafu hukumu utakavyo.

Nilikuwa kibarua wa ulinzi kwenye hoteli moja kubwa. Mwili jumba, Kiingereza sifuri. Wenzangu waliniita Kabati.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na hoteli ilitaka mlinzi mmoja tu wa kudumu mlango wa mbele. Ama mimi, ama mwenzangu Nyundo.

Sharti lilikuwa moja. Mgeni akikosea, usimfokee, mwombe kwa Kiingereza cha adabu.

Asubuhi tulikuwa kwa Madam, mwalimu mwembamba mwenye miwani.

"Mgeni haamrishwi," alisema. "Unamwomba, au unampa pendekezo."

Tukakariri hadi ulimi ukauma. "Could you please move?" ni ombi, kwamba tafadhali sogea. "Would you mind moving?" ni ombi lenye adabu zaidi. "Why don't we talk outside?" ni pendekezo, kwamba waonaje tukaongelee nje.

Mchana tulikuwa stoo kwa Kamanda, mkuu wetu wa ulinzi. Madam hakuwahi kukanyaga huko.

"Maneno yale ya asubuhi ni matatu," Kamanda alisema. "La tatu likiisha mdomoni, ngumi iwe imefika."

Mmoja anakuwa mgeni mkorofi, mwingine mlinzi. Siku ya kwanza Nyundo aliniomba kwa adabu zote, na aliponyamaza nilikuwa chini natema jino. Kesho yake nikampasua nyusi.

Wiki tatu tulipigana hivyo. Pua, mbavu, damu kwenye saruji. Kuna siku nilikojoa damu.

Nyumbani nilisema nimeanguka kwenye ngazi.

"Ngazi gani hiyo inakupenda hivyo?" mke wangu aliuliza. Nikajifanya nimelala.

Siku ya mtihani wa kumchagua mmoja wetu ikafika. Meneja kakaa mbele, Kamanda kasimama nyuma yake. Madam akajitolea kuwa mgeni, kaweka kiti chake katikati ya mlango.

Nikaomba mara ya kwanza. Akatikisa kichwa.

Nikaomba ya pili. Akachezea simu.

"Why don't we talk outside?"

Madam akatabasamu, akainuka. "Of course," akasema. Yaani sawa, hana neno.

Nilimsikia. Naapa nilimsikia. Lakini mkono ulikuwa umeshaondoka.

Wiki zote zile, hatukuwahi hata mara moja kufanya zoezi la mgeni kukubali.

Taya ililia kama ukuni mkavu. Miwani iliruka upande wake, yeye akaanguka upande mwingine, damu ikamjaa kifuani. Meneja alinishika shati.

Kamanda akanivuta pembeni. "Sema ulipandwa na hasira zako mwenyewe. Ukinyamaza, nina lindo lingine la kudumu, nakupa wewe. Ukinitaja, wewe, mkeo na mtoto mtajijua."

Nikanyamaza. Nina aibu kuandika hivyo, lakini nilinyamaza.

Kesho yake nikaenda hospitali kumwomba Madam radhi. Taya ilikuwa imefungwa nyaya, hawezi kusema. Akachukua daftari, akaandika mstari mmoja, akanigeuzia.

"Would you mind sitting down?"

Alikuwa ananiomba nikae tu.

Mikono yangu miwili ikapanda yenyewe kufunika uso. Nikafumba macho, nikakaza mbavu, nikasubiri.

Hakikuja kitu. Nilipofumbua, Madam alikuwa analia. Akaandika tena, safari hii kwa Kiswahili.

"Nani amekuwa akikupiga?"

Nililia mbele ya manesi, mimi na mwili wangu wote huu. Nikamsimulia stoo yote. Kutoka pale nikaenda moja kwa moja polisi, nikamtaja Kamanda na nikajitaja mwenyewe. Nyundo naye alikuja, akawaonyesha nyusi yake.

Kamanda yuko ndani. Mimi nilipewa kifungo cha nje. Lindo la kudumu sikulipata, na mtoto alizaliwa baba hana kazi.

Ninachokuachia ni hiki. Kabla hujamwomba mtu kitu, jua utafanya nini akikubali. Kama hujui, hukuja kuomba. Ulikuja kupiga.