Mkasi wa Babu Yako

Mpaka leo, mwanangu, ule mlio wa mkasi bado nausikia: kwachu, kwachu, na katikati yake mluzi wa babu yako. Wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba mkwe alikuwa ametoka Tukuyu kuja kuishi nasi hapa Kilolo baada ya bibi yako kufariki, na tangu afike alikuwa anakaa tu jikoni kando ya moto, haongei. Kwa hiyo niliposikia anapiga mluzi, nilitoka mbio kwa furaha.

Loo! Kumbe alikuwa kwenye msonobari wangu. Ile misonobari mifupi ya bustani, isiyokuzidi kiuno, ya kijani masika na kiangazi, niliitamani tangu nikiwa msichana. Na mzee alikuwa ameukata mmoja mpaka vikabaki vijiti vya kahawia, kama alivyokata michai shambani maisha yake yote.

"Mama Neema, we ngoja tu," akasema huku anacheka. "Utachipua huo mpaka uukimbie!"

Chai huchipua. Msonobari ukikatwa kupita majani mabichi, pale hauchipui tena. Nilijua. Lakini nikasema, "Asante, baba," halafu nikauficha mkasi chini ya kitanda. Nikajiona mwema kweli.

Basi kila asubuhi mzee akawa anauinamia ule mti, anatafuta chipukizi. Mluzi ukapungua, ukaisha. Mwishowe akaniuliza, nami nikamwambia ukweli wote, hata wa mkasi.

"Kwa hiyo ulijua, ukanyamaza? Na mkasi ukauficha?" Akatazama chini. "Mgeni ndiye tunayemwacha akosee, mwanangu, maana kesho anaondoka. Mimi naondoka lini?"

"Huondoki, baba."

"Basi nifundishe."

Nikamwonyesha kwa kidole kwenye mti mwingine: ncha tu, pale penye kijani.

Ndiyo maana nakuomba, Neema wangu: mtu wa nyumbani kwako akikosea, mwambie. Mwambie taratibu, kwa heshima, na kazi umwachie mkononi. Usimhurumie mpaka awe mgeni. Mungu akujalie nyumba yenye wazee wanaopiga mluzi, na bustani ya kijani hata mvua zikichelewa.

Jioni ile mzee alipokwenda kunawa, niliinama peke yangu chini ya kitanda, nikautoa mkasi, nikaufuta vumbi. Nikautundika kwenye msumari wa mlangoni, ule wa chini, ambao mkono wake unaufikia bila kujinyoosha.