Harusi ya Nakhumicha Iliyogoma Kufunguka

Kavetsa alikuwa mhariri wa video katika studio ya Gikonyo, mjini Eldoret. Wenzake walibeba kamera kwenda harusini na matangani. Yeye alibaki kwenye kompyuta, akikata na kuunga, kisha akizichoma video kwenye diski. Alizipenda zaidi zile za blurei, zenye picha safi kuliko DVD. Kila moja aliitengenezea menyu yake, ule ukurasa wa mwanzo ambapo kipande kifupi cha picha hujirudia huku muziki ukipiga.

Baadaye watu wakaanza kutaka video kwenye simu. Kompyuta ya zamani ikaungua stima iliporudi kwa nguvu, na programu ya kutengenezea blurei ikakataa kufanya kazi kwenye kompyuta mpya. Ilihitaji kibali cha kampuni iliyoiunda, na kampuni ilikuwa imeacha kuihudumia. Gikonyo hakujali. Nani alikuwa bado anauliza blurei?

Kisha akaja Mzee Wakoli kutoka mtaa wa Langas. Mkewe, Nakhumicha, alikuwa amefariki katika hospitali ya Plateau, na walikuwa wametoka kumzika. Harusi yao ya kanisani, waliyofunga wakiwa na wajukuu tayari, ilirekodiwa na studio hiyo. Majirani waliiazima diski kwa zamu, ikarudi imekwaruzika, deki ikaikataa.

"Nataka tu hotuba yake," alisema. "Kuna kitu alisema juu yangu, watu wakacheka sana. Mimi nilikuwa nasalimiana na wageni, sikushika vizuri. Nikasema nitaiangalia pole pole siku moja."

Kavetsa aliipata harusi kwenye hard disk ya akiba, lakini imefungwa katika faili ambayo programu ile peke yake ndiyo ingeifungua. Aliwaandikia wenye kampuni, akawaeleza habari za marehemu. Wakajibu kwamba toleo hilo halihudumiwi tena, na toleo jipya halitengenezi diski wala halifungui faili za zamani. Wakamshukuru kwa kuwa mteja wao.

"Kwa hivyo Nakhumicha yuko hapo ndani?" Mzee aliuliza, mkono wake juu ya hard disk.

"Yuko, Mzee. Lakini siwezi kumfikia. Nimeuliza mafundi wote ninaowajua hapa tao, mji mzima."

Kilichokuwa nje ya faili ile ni kipande cha menyu tu. Kavetsa alikifungua. Nakhumicha alisimama na maikrofoni, akamgeukia mumewe, akasema kitu, akacheka. Sauti yake haikuwepo. Menyu ilikuwa na muziki tu. Mzee alitazama kikijirudia, kofia mapajani.

"Niwekee hicho," alisema.

Kavetsa alimchomea kwenye DVD ya kawaida.

Mwaka huo Gikonyo alifunga studio. Kavetsa akaanza kuuza kava za simu karibu na stendi. Jumapili moja alipita Langas kumsalimia Mzee, akamkuta amekaa mbele ya televisheni, sauti ameizima.

"Kaa hapa, msichana wangu. Angalia mdomo wake. Si hapo anasema, 'huyu hajawahi kuniacha njaa'?"

Kavetsa aliangalia mara kadhaa. Hakuona neno lolote.

"Inaonekana hivyo, Mzee," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kuridhika. Akakiacha kipande kianze tena, akasogeza kiti chake karibu zaidi na kioo.