Kamiyo Yangu Ilimubeba Mama, Sasa Baba Ananikimbia

Barua hii imetoka kwa musomaji wetu wa upande wa Masisi. Ametuomba tufiche jina lake na jina la mulima wake.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, niko na muke na watoto sita, na kazi yangu ni makanika. Sikurithi kitu. Nilianza kwa kuosha magari ya muzungu mumoja mwenye shamba la pareto, nikajifunza motere mpaka nikaijua kuliko mufuko wangu mwenyewe. Alipotaka kurudi kwao, akaniuzia kamiyo ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: kamiyo nzito ya kukokota, ya wakati wa vita, magurudumu kumi, na nyuma yake mukono wa chuma wenye ndoano.

Kazi yake ni kutoa magari mitaroni kwenye barabara ya Mushaki. Lakini sina gari lingine, kwa hiyo kamiyo hiyo njo naendea nayo kila pahali. Naendea soko ya Kitshanga, naletea mahindi, naendea Misa. Muke wangu anapandia kigoda, na kitambaa chake cha Jumapili, ndoano inaning'inia nyuma. Inakunywa mafuta ya esanse kama wakwe kwenye ndoa. Haiwezi kugeuka katika njia yetu, basi Misa ikiisha narudi kinyumenyume mpaka njia panda, na vijana wanapiga makelele: "Papa Depanaje, mutoa-magari! Leo nani ameanguka, ni padiri?" Nilikuwa nacheka nao.

Kwetu muntu akigonjwa anabebwa na kipoyi, kitanda cha miti na kamba kinachowekwa mabegani. Kila nyumba inatoa mwanaume mumoja. Nyumba isiyotoa bega haibebwi, si mugonjwa wao, si maiti yao. Nilipopata kamiyo, kapita, mukubwa wa watu wa mulima wetu, aliniita mbele ya watu wote akasema, "Wewe uache kipoyi. Kamiyo njo bega lako." Watu wakapiga makofi. Tangu siku ile nimepeleka wagonjwa wao hospitali ya Mweso kwa esanse yangu: wanawake wenye uchungu wa kuzaa, mutoto aliyeungua na maji ya moto, muke wa kapita mwenyewe. Sikumuomba muntu hata yai.

Mwaka jana, katika mvua nyingi, mama alikufa. Yeye na baba walikuwa wakikaa kwangu, katika nyumba ya matofali niliyojenga kando ya barabara, lakini makaburi ya ukoo yako juu ya mulima. Wanaume walichimba kaburi vizuri. Kisha wakashuka, wakaketi chini mbele ya nyumba, na hakuna aliyesimama tena. Nikamuuliza kapita, "Papa, tunangoja nini?"

"Tunakungoja wewe. Kila nyumba inabebwa na bega lake."

Nilizani anataka kunichekesha, kunipunguzia machozi. Nikamuangalia usoni. Hakuwa anachekesha.

"Papa, huyu ni mama. Na muke wako, Mama Kapita, si nilimupeleka Mweso?"

"Ulimupeleka na kamiyo. Na mama yako umupeleke na kamiyo."

Nikalifunga sanduku la mama chini ya ule mukono wa chuma. Katikati ya mulima matope yakatushika. Nikafanya vile ninavyofanya kila siku kwa magari ya watu: nikatoa kamba ya chuma ya mbele, nikaizungusha kwenye mukaratusi mukubwa, nikaacha kamiyo ijivute yenyewe. Ikapanda kwa kurukaruka. Kamba za sanduku zikalegea, sanduku likateleza, likagonga chuma. Baba alikuwa anatembea nyuma, katika alama za magurudumu. Akasimama. Akasema polepole, "Mama wa watoto, uvumilie."

Tangu pale hapandi kamiyo. Misa anaenda na fimbo, anatoka alfajiri, anafika wakati wa komunyo. Juzi akaniita, akaniambia anahamia kwa mudogo wangu kule Walikale. Nikamuuliza nimemukosea nini.

"Hujanikosea. Umenilisha, umenivalisha. Lakini nikikufia hapa utanifunga kamba, mwanangu. Mimi sitaki kugonga chuma."

"Basi nitaiuza, Baba."

"Usiuze. Watoto wako wanakula mule."

Walikale iko mbali, ni kushuka mpaka musituni, na magoti ya baba yamekwisha. Nikajifariji kwamba atashindwa safari, atabaki. Halafu kapita akaja nyumbani kuniambia kwamba watu wa mulima wamekubali kumubeba baba na kipoyi.

Nikasimama mbele yake. "Mama hamukumubeba hata hapo juu! Baba mutamupeleka Walikale?"

"Mama yako alikufa katika nyumba yako. Baba yako amesema anatoka katika nyumba yako, sasa tunamuhesabu nyumba peke yake. Na bega lake tunalijua sisi wote. Alimubeba baba yangu." Kisha akashusha sauti. "Tuko saba. Inatakiwa nane. Nafasi moja ya nyuma tumekuachia. Ukiishika, umerudi katika kipoyi, wewe na muke wako na watoto wako. Usipoishika, mimi sitakuita tena."

Wataondoka mvua zikipunguka. Baba hajaniuliza kitu, anakunja tu blanketi yake na kuikunjua. Na mimi ninajua nafasi ya nyuma: iko upande wa kichwa. Nitakuwa ninasikia pumzi ya baba njia yote, mpaka pale nitakapomuweka chini na kurudi.

Ninyi munaosoma, wenye wazazi na wenye watoto, muniambie. Niweke bega langu chini ya ile miti, nimusaidie baba yangu kunikimbia, ili siku moja watoto wangu wapate wa kuwabeba? Ao nikatae, nibaki na kamiyo yangu? Nifanye nini?